Kuandika Kisa cha Ugonjwa: Somo kwa Wagonjwa na Wanaowauguza

Mgonjwa akiingia kwa afisa wa kliniki, swali la kwanza huwa ni lilelile katika karibu kila zahanati: ulianza kuumwa lini? Wengi hujibu, "Siku nyingi." Si uongo, lakini jibu hilo halimsaidii anayetibu. Kikohozi cha siku tatu si sawa na cha wiki tatu. Hicho cha pili humfanya mhudumu aagize makohozi yapimwe kifua kikuu.

Ndiyo maana kuandika kisa cha ugonjwa huanzia kwenye daftari. Wakazi wengi tayari wanalo, lile dogo la dukani wanalobeba wakienda kliniki. Kurasa za mbele ni za mhudumu. Za nyuma zinaweza kuwa za mgonjwa, au za binti au jirani anayemwandikia ikiwa yeye hawezi kushika kalamu. Huandikwa tarehe, alichohisi, alichofanya, dawa alizomeza na hata nauli aliyolipa. Lugha ni yoyote aliyoizoea. "Kifua kinawaka" ni maneno mazuri kabisa, tena humfaa daktari kuliko neno la kitabibu lililookotwa mahali.

Daftari hilo likijaa, huwa pia limekuwa kisa kinachoweza kumfaa mtu mwingine, mradi kisifupishwe mno. Chukua mfano huu: "Niliugua sana, nikahangaika, Mungu akanisaidia nikapona." Majirani wataitikia amina, lakini hakuna atakayejua la kufanya siku akiugua vivyo hivyo. Kisa hichohicho kingeandikwa hivi: "Kikohozi kilianza mapema Machi. Nilinunua dawa ya maji dukani mara mbili. Kufikia Aprili nilikuwa naamka nguo zimelowa jasho, na mshipi wa suruali nimeukaza matundu mawili. Nilipopimwa makohozi nikaambiwa ni kifua kikuu. Siku nilipoanza dawa, mkojo ukawa wa rangi ya chungwa. Niliogopa, nusura niache."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye faida kubwa zaidi. Rangi hiyo huletwa na rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, nayo haina madhara. Lakini mtu ambaye hakuelezwa, au alielezwa akasahau kwa hofu ya siku ile, anaweza kukatiza matibabu ambayo kwa kawaida huchukua miezi sita, na ugonjwa ukarudi ukiwa sugu kwa dawa. Mhudumu hulitaja jambo hili kwa haraka, foleni ikimngoja. Jirani aliyeliona mwenyewe hulieleza likaeleweka.

Kenya inalijua hilo tangu zamani. Joe Muriuki alikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kutangaza hadharani kwamba wana virusi vya Ukimwi, wakati ambapo ugonjwa huo ulinong'onwa tu. Baadaye Asunta Wagura aliandika gazetini, kwa miaka mingi, kuhusu maisha yake na virusi hivyo: watoto, dawa, na watu walivyomtazama. Wote wawili walisimulia habari zao wenyewe, na kwa hiari yao.

Hapo ndipo penye mpaka. Mama anayeandika kuhusu saratani ya mumewe anaandika pia kuhusu mwili wa mtu mwingine, kwa hiyo amwombe ruhusa kwanza. Mtoto hawezi kutoa ruhusa hiyo, na atakapokuwa mkubwa atakuta yaliyosemwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na sheria ya mwaka wa 2006 kuhusu Ukimwi inakataza kufichua matokeo ya kipimo cha virusi ya mtu mwingine bila idhini yake. Picha ya karatasi ya vipimo nayo ina jina, umri, pengine na nambari ya kitambulisho. Ikishatumwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, hairudi.

Mwandishi pia asigeuke kuwa tabibu. "Mimi nilipewa vidonge hivi" ni habari. "Nanyi vinunueni" ni hatari, kwa kuwa anayesoma huenda ana mimba, ana kisukari au anatumia dawa nyingine.

Vipi kuhusu huduma mbaya? Iandikwe pia, maana kisa cha sifa tupu hakiaminiki. Ila "walinipuuza" huzua ubishi tu. "Nilifika saa mbili asubuhi, nikaonwa saa tisa alasiri, na sikuelezwa sababu" ni jambo linaloweza kufuatiliwa. Aliyeyaona mambo ayatenge na aliyoyasikia kwenye foleni. Malalamiko ya namna hiyo yapelekwe kwanza, kwa maandishi, kwa msimamizi wa kituo, na mgonjwa abaki na nakala yenye tarehe.

Asiye na haja ya kusomwa na wengi anaweza kuanza na wachache: wanachama wa chama chake, au mhamasishaji wa afya ya jamii anayepita nyumbani kwake. Awasomee kwa sauti, kisha asikilize wanachouliza. Wakiuliza, "Na hapo ulifanya nini?" basi pana tarehe au hatua aliyoiruka, naye airudie kwenye daftari.