Macho ya Dereva

Wakati wa kiangazi, barabara nyingi za vijijini katika wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu, hujaa vumbi. Ndiyo majira ya kuuza pamba, na malori huenda vijijini kuichukua. Lori moja likipita, nyuma yake huinuka wingu lenye kuficha ng'ombe, baiskeli, na watoto watokao shuleni. Basi, na tujifunze jinsi dereva aongozavyo motakaa, na jinsi apatavyo kuona vema.

Katika Tanzania magari hupita upande wa kushoto wa barabara. Usukani hugeuza magurudumu ya mbele. Miguuni pa dereva mna vikanyagio vitatu: cha kulia ni cha mafuta, nacho huongeza mwendo, cha katikati ni cha breki, cha kushoto ni cha klachi, nacho hutenga injini na magurudumu wakati dereva abadilipo gia. Magari yanayojibadilishia gia yenyewe hayana kikanyagio cha klachi. Breki ya mkono hulizuia gari lililosimama lisijiendee.

Vyombo hivi vyote hutii mikono na miguu, lakini mikono na miguu hutii macho. Sheria hairuhusu gari kuzidi kilomita 50 kwa saa penye makazi ya watu. Hata kwa mwendo huo, gari hupita kadiri ya mita 14 kwa sekunde moja. Dereva asipoona kwa sekunde 2 tu, amekwisha kwenda mita 28 bila kujua kilicho mbele yake.

Kwa hiyo dereva mwenye busara huosha vioo na taa kabla ya safari. Hafuti vumbi kavu, maana chembe za mchanga hukwaruza kioo, na kioo chenye mikwaruzo hutawanya nuru ya jua la jioni, asione kitu. Hutazama mipira ya waipa, kwa kuwa jua huikausha ikapasuka. Akiisha kuketi, hutengeneza vioo vya kutazamia nyuma. Mvua ikinyesha, pumzi za abiria hufanya ukungu ndani ya kioo. Naye hufungua dirisha kidogo, au hupuliza hewa kiooni. Akikuta vumbi la lori, hupunguza mwendo, huwasha taa, hukaa mbali, wala hajaribu kulipita.

Lakini kuna mahali ambapo dereva hodari naye haoni: karibu kabisa na pua ya lori, na nyuma yake. Usipite hapo. Usipouona uso wa dereva, wala katika kioo chake, ujue kwamba naye hakuoni. Na vumbi likiinuka, ngoja kando mpaka litulie, ndipo uvuke. Huenda lori la pili limo ndani yake. Tahadhari kabla ya hatari.

MASWALI

1. Taja vikanyagio vitatu, na kazi ya kila kimoja.
2. Kwa nini kioo chenye vumbi kisifutwe kikavu?
3. Gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa hupita mita ngapi kwa sekunde 3?
4. Lori limepita na vumbi limetanda. Utafanya nini kabla ya kuvuka, na kwa nini?