Kidole Kwanza, Ufito Baadaye

Wanafunzi wengi hudhani kwamba chaji ya tufe hutoka kwenye ufito. Sivyo. Tufe la chuma na liwekwe juu ya mguu wa plastiki, kisha tulisogezee, bila kuligusa, ufito wa eboniti uliosuguliwa kwa manyoya. Chaji hasi ya ufito husukuma elektroni za tufe upande wa mbali. Jumla ya chaji ya tufe ingali sifuri. Sasa tuliguse kwa kidole, mahali popote: elektroni hukimbilia ardhini kupitia mwilini mwetu. Tukiondoa kidole kwanza, kisha ufito, tufe hubaki na chaji chanya, ilhali ufito haukutoa chaji yoyote. Tukianza na ufito, elektroni hurejea kutoka ardhini. Jaribio lifanywe siku kavu, kwani unyevu huvujisha chaji.