SOMO: TUFUNGE VIOO VYA KUTAZAMA NYUMA KWENYE TREKTA NDOGO



Kabla sijaanza kazi ya uhamasishaji mtaani, niliwahi kuwa utingo kwenye trekta ndogo ya mkandarasi mmoja aliyekuwa akileta miti ya kujengea. Siku moja dereva alikuwa anarudi nyuma karibu na bomba la maji. Aligeuza shingo, akaona njia ni nyeupe, akarudi. Mara tukasikia kishindo. Tela lilikuwa limekanyaga dumu la lita 20. Mwenye dumu, msichana wa miaka kama sita, alikuwa ameruka hatua mbili tu pembeni.

Dereva yule hakuwa amelewa, wala hakuwa na haraka. Lakini trekta yake haikuwa na kioo hata kimoja, na mimi utingo nilikuwa nimekaa juu ya miti badala ya kusimama chini nikamwelekeza. Watu husema ajali haina kinga. Ile ilikuwa na kinga, na ndiyo tutakayojifunza leo.

KWA NINI TREKTA NDOGO NI HATARI?

Trekta ndogo nyingi hutoka kiwandani bila vioo. Ni sawa na zile mashine za kukatia majani ambazo mtu huzipanda na kuziendesha. Zimetengenezwa kwa kazi ya shambani, mahali ambapo watu ni wachache. Hapa kambini tunazifanyisha kazi ya gari: kubeba chakula, kuni na taka, katikati ya nyumba na watoto.

Injini yake ina kelele, kwa hiyo dereva hamsikii anayepiga kelele nyuma. Akigeuza shingo, haoni tena mbele, na mara nyingi mkono wake huvuta usukani bila yeye kujua. Na hata akigeuka, tela lenye mzigo humzibia.

TUCHAGUE KIOO GANI?

Kuna vioo vya aina mbili. Kioo bapa huonyesha kitu kwa ukubwa na umbali wake, lakini huonyesha eneo dogo. Kioo mbinuko, ambacho uso wake umevimba kidogo kwa nje, huonyesha eneo pana, lakini vitu huonekana vidogo na vya mbali kuliko vilivyo. Ukikiweka kijiti juu ya uso wa kioo utaijua aina yake. Kijiti kikilala sawasawa, kioo ni bapa. Kikicheza, ni mbinuko.

Kwa mitaa yetu yenye watu wengi, kioo mbinuko kinafaa zaidi. Dereva akumbuke tu kwamba mtu anayeonekana yuko mbali, huenda yuko karibu.

VIFAA VINAVYOHITAJIKA

1. Vioo viwili vya pikipiki, hata vilivyotumika, mradi havijapasuka. Pikipiki nyingi hutumia vioo vyenye uzi wa milimita 10. Angalia: kwenye baadhi ya pikipiki, kama Yamaha nyingi, kioo cha kulia kina uzi wa kushoto. Nati ya kawaida haitaingia, kwa hiyo chagua kingine.
2. Vipande viwili vya flatibaa, yaani chuma bapa, vya kutengenezea mikono.
3. Yu-bolti na nati zake za kubania mikono.
4. Nati na washa za ziada.
5. Vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli.

HATUA ZA KUFUNGA

Kwanza, dereva akae kwenye kiti chake. Vioo viwe mbele yake, mmoja kila upande, kwa usawa wa macho, ili avione bila kugeuza kichwa sana.

Pili, pima upana wa tela. Mkono wa kila kioo utokeze nje kidogo kupita ubavu wa tela. Ukiwa mfupi, dereva ataona mzigo wake tu.

Tatu, bana mkono kwa yu-bolti. Usitoboe wala usichomelee nguzo za chuma zinazomkinga dereva trekta ikipinduka, kwa sababu utazidhoofisha. Pia usitoboe karibu na tangi la mafuta.

Nne, weka kipande cha tyubu kati ya chuma na chuma, kisha kaza nati mbili, moja juu ya nyingine. Mtikisiko wa injini hulegeza nati moja upesi, na kioo kinachotetemeka hakionyeshi kitu. Usichomelee kioo kwenye mkono wake. Kikigonga tawi au bega la mtu, afadhali kijigeuze kuliko kuumiza.

Tano, rekebisha. Ubavu wa tela uonekane kidogo tu kwenye ukingo wa ndani wa kioo, na mahali ardhi inapokutana na anga paonekane katikati.

KIOO HAKIONI KILA KITU

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu akishafunga vioo hudhani sasa anaona nyuma yote. Sivyo. Vioo huonyesha pembeni mwa tela, lakini nyuma yake kabisa hapaonekani.

Fanyeni zoezi hili mbele ya wazazi na watoto. Zimeni injini na kuondoa ufunguo. Dereva akae kitini. Mtu mmoja ashike fimbo ya urefu wa mita moja, kimo cha mtoto mdogo, iliyofungwa kitambaa chekundu juu. Aanze nyuma ya tela, aisimamishe fimbo chini huku akisogea polepole upande huu na ule. Kila mahali dereva anapoanza kukiona kitambaa, mwagieni majivu kidogo. Mkimaliza, unganisheni alama hizo. Eneo lote kati ya tela na majivu ni eneo la upofu. Wazazi wakiliona kwa macho yao, watawaeleza watoto wenyewe.

Kwa hiyo, tela linaporudi nyuma, utingo ashuke. Asimame pembeni, mahali dereva anapomwona kiooni, asisimame nyuma ya tela. Mkono wake ukiinuka juu, dereva asimame. Na kanuni kubwa ni hii: dereva asipomwona utingo kiooni, asimame hapo hapo, asidhani ameondoka.

MASWALI YA KUJADILIANA MTAANI

1. Ni trekta ngapi zinazoingia mtaani kwetu? Ngapi zina vioo viwili?
2. Watoto wetu husimama wapi siku ya mgao?
3. Ni nani atakayewazuia wasidandie tela?
4. Fundi yupi wa mtaa wetu anaweza kufunga vioo?

Ndugu dereva, vioo vyako vifute vumbi kila asubuhi na ukaze nati zake. Nawe ndugu utingo, shuka chini. Yule msichana bado huja bombani, na kila nikimwona na dumu lake naikumbuka siku ile niliyobaki juu ya miti.