Juisi ya Matofaa ya Mgeta: Ihifadhi Kabla Haijageuka Kilevi

Msimu ukifika, anayepita soko la Kingalu mjini Morogoro hukuta matunda ya baridi yaliyoteremshwa kutoka Mgeta, kwenye milima ya Uluguru: plamsi, pichesi, peasi na matofaa kidogo. Tofaa tunalolizungumzia hapa ni lile ambalo wauzaji wengi huliita epo, si tufaha jekundu laini la Zanzibar na pwani. Maepo mengi yanayong'aa kwenye meza za mjini yametoka Afrika Kusini. Ya mlimani ni madogo na yana uchachu, na kwa kazi ya leo uchachu huo ni faida, maana asidi ya tunda huzuia vijidudu vingi kuzaliana ndani ya chupa.

Mama wengi hukamua juisi ya futari mapema, wakaiacha kwenye ndoo au dumu mpaka kesho yake. Hapo ndipo penye hatari. Ganda la tunda lina hamira ya asili, jamaa wa hamira ile ile unayoumulia maandazi. Ikikuta sukari na joto hula sukari na kutoa hewa pamoja na kilevi. Ibn Abbas (r.a.) amesimulia katika Sahih Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akirowekewa zabibu kavu, akinywa maji yake siku hiyo, siku ya pili, mpaka jioni ya siku ya tatu, na kilichobaki kikamwagwa. Lakini usihesabu siku tu, msomaji wangu. Joto la Morogoro halingoji. Ukiona povu, kifuniko kimevimba, au harufu imekuwa kali ya kupanda puani, mwaga. Usionje, na usidhani kuichemsha kutairudisha kuwa juisi. Wengine huuliza kuhusu siki ya matofaa, ambayo hupitia ulevi kwanza. Iliyogeuka siki yenyewe wanazuoni wameikubali; ya kugeuzwa kwa makusudi wamehitilafiana, na swali hilo mpelekee sheikh wako, si safu hii.

Tuanze na uchaguzi. Wapo wanaonunua matunda yaliyooza kwa bei ya chini wakisema ni ya juisi tu. Ukungu wa tofaa lililooza hutoa sumu iitwayo patulini, na moto wa jikoni hauimalizi. Kidoa cha kugongwa unaweza kukikata. Tunda lililooza litupe lote. La kuokotwa chini ya mti, penye kinyesi cha mifugo, usilitumie kwa juisi isiyochemshwa. Osha kwa maji safi yanayotiririka huku ukisugua, kwani huenda shambani limepigwa dawa. Toa mbegu pia, usizisage, kwa sababu zikisagwa hutoa sumu.

Rojo la matofaa ni rahisi, na watoto hulipenda. Kilo moja iliyomenywa na kukatwa iweke kwenye sufuria na kikombe kimoja cha maji, ipike mpaka ilainike, ponda, kamulia limao moja. Sukari ni hiari. Penye mgonjwa wa kisukari usiweke, rojo halitaharibika kwa sababu hiyo. Kinacholinda hapa ni asidi na moto.

Chupa ziwe za kioo, za mdomo mpana, zilizooshwa kwa sabuni na kuchemshwa dakika kumi. Chupa ya plastiki ya soda haistahimili moto huu, na iliyowahi kuwekwa dawa ya shambani isiingie jikoni kabisa. Kifuniko kilichopinda, chenye kutu au chenye mpira uliochakaa hakizibi tena. Hapo usifanye ubahili. Jaza rojo likiwa la moto, bakiza nafasi ya upana wa kidole, futa mdomo wa chupa, funga. Panga chupa ndani ya sufuria kubwa uliyotandika kitambaa chini, maji ya moto yazifunike kabisa, kisha acha yachemke.

Hapa watu wa milimani nisikilizeni vizuri. Kadiri unavyopanda, maji huchemka kwa joto dogo zaidi: karibu nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300. Kwenye mita 1,500 maji yanatokota kwa nyuzi 95 hivi, si 100. Unayaona yanaruka, kumbe hayana nguvu ya maji ya pwani. Kwa hiyo chupa ya lita moja ya rojo ichemshwe dakika 20 Dar es Salaam, dakika 25 Morogoro mjini, na dakika 30 kwa aliye Mgeta juu ya mita 1,000. Aliyevuka mita 1,800 aweke 35. Anza kuhesabu maji yakishatokota. Juisi iliyochujwa na kutiwa ikiwa ya moto sana ni nyepesi, moto huifikia upesi: dakika 5 pwani, 10 mjini Morogoro na Mgeta, 15 juu ya mita 1,800.

Zitoe, ziweke juu ya kitambaa, si kwenye saruji baridi, zisije zikapasuka. Kesho yake bonyeza katikati ya kifuniko. Kikiwa kimebonyea ndani na hakichezi, chupa imeziba. Iweke penye giza na uitumie ndani ya mwaka. Kikicheza, kula leo.

Njia hii isitumike kwa karoti, njegere, maharage wala nyama. Vyakula hivyo havina asidi ya kutosha, na vijidudu vya botulizimu hustahimili maji yanayochemka, kisha hutoa sumu ya kupooza mwili ndani ya chupa iliyozibwa vizuri, bila harufu wala povu.

Anayetaka kuuza aonane kwanza na SIDO kwa mafunzo na TBS kwa idhini. Usalama wa chakula umekuwa chini ya TBS tangu mwaka 2019.

Na yale maganda usiyatupe. Yachemshe nusu saa na kijiti cha mdalasini wa Matombo na karafuu mbili, chuja, onja kabla ya kuongeza sukari. Ni kinywaji cha moto cha kufuturia, na kinywewe usiku huo huo.