Istilahi za Soriasisi, Tiba ya Nuru na Homoni za Umetaboli

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili istilahi za Kiswahili zinazohusu soriasisi, tiba yake ya nuru na homoni za umetaboli. Hoja kuu ni kwamba katika uwanja huu istilahi yenye utata haimpotoshi msomaji tu, bali humdhuru mgonjwa.

2.0 Jina la Ugonjwa

Soriasisi haiambukizi. Kinga ya mwili huchochea seli za ngozi kuzaliana haraka kupita kiasi, kukatokea mabaka yenye magamba. Mwaka 1808 tabibu Mwingereza Robert Willan aliiita aina moja ya ugonjwa huu lepra, jina lililotumika pia kwa ukoma. Ferdinand von Hebra wa Vienna ndiye aliyeliondoa jina hilo mwaka 1841. Istilahi ya maelezo, mathalani ‘ugonjwa wa magamba’, ingemrudishia mgonjwa unyanyapaa ule ule. Kwa hiyo neno lililotoholewa, soriasisi, linafaa zaidi.

3.0 Nuru, Mwanga au Mionzi?

Tiba hii hutumia mawimbi yaliyo nje ya urujuani, hasa yale ya takriban nanomita 311. Kuiita ‘tiba ya mionzi’ ni sahihi kisayansi. Hata hivyo, kimatumizi istilahi hiyo imekwisha kujifunga na saratani, na mgonjwa wa ngozi aelekezwaye huko aweza kujidhania ana saratani. ‘Mwanga’ nalo lina homonimu yenye maana ya mchawi, ingawa wingi wake, wanga na mianga, huzitofautisha. ‘Nuru’ haina tatizo hilo.

4.0 Homoni

Leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, hutolewa na seli za mafuta ili kuuarifu ubongo kiasi cha akiba iliyopo. Asili ya jina ni neno la Kiyunani lenye maana ya ‘-embamba’. Tafsiri sisisi, ‘homoni ya wembamba’, ingepotosha, kwani watu wanene kwa kawaida huwa na leptini nyingi. Wenye soriasisi nao mara nyingi huwa na leptini nyingi pamoja na ukinzani wa insulini. Tafiti zilizopima homoni hizi kabla na baada ya tiba ya nuru zimetoa matokeo yasiyolingana. Hivyo, tiba hiyo isielezwe kwa maneno yanayodokeza kwamba inaponya kisukari au unene.

5.0 Hitimisho

Usahihi wa kisayansi pekee hautoshi katika uundaji wa istilahi za tiba. Sharti kila istilahi ipimwe pia kwa maana ambazo mgonjwa tayari anazo kichwani anapoisikia.