Akiba ya Seva Huoza

Wenzangu, Desemba 2009 njia pekee ya umeme wa Unguja kutoka Bara iliharibika, kisiwa kikakaa gizani hadi Machi 2010. Ukitegemea njia moja, ikikatika huna ujanja. Seva nayo ni hivyo hivyo.

Nilipokuwa mazoezi ya kufundisha hapa Pemba, kompyuta iliyotunza maksi ilikufa wiki ya kufunga skuli. Nakala ipo, tukaifungua: kumbe ya muhula uliopita! Tukakesha tunajaza upya kutoka kwenye karatasi, na za darasa moja zilishatupwa. Watoto wale wakarudia mtihani.

Basi, hatua ni hizi:

1. Weka seva ya pili chumba kingine, yenye programu zile zile.
2. Data zinakiliwe huko kila siku, zisingoje mwisho wa muhula.
3. Seva kuu ikifa, ichomoe kabisa ndipo uipe kazi ya akiba. Zote mbili zikipokea maksi, hutojua zipi za kweli.
4. Kila muhula zima ile kuu makusudi, uone kama ya akiba inashika kazi.

Wazee husema akiba haiozi. Hii ya kompyuta inaoza, tena kimyakimya.