Somo la Historia na Lugha: Kilabu cha Manispaa na Mama Muuza Pombe

Somo hili ni la darasa la wakubwa, na tunapenda ulisome pamoja na mzazi au mlezi wako. Huenda nyumbani kwenu pombe hainywewi wala haizungumzwi. Usiwe na wasiwasi, hatukufundishi kunywa. Tunataka ujue jinsi sheria za kikoloni zilivyoamua nani auze, nani anywe na wapi, na jinsi wanawake wengi walivyotafuta riziki chini ya sheria hizo.

Tuanze na neno

Neno *kilabu* limetoka katika Kiingereza. Kwa kuwa linaanza na *ki-*, Kiswahili kililitia katika ngeli ya KI-VI, kama kilivyofanya kwa *kitabu* lililotoka katika Kiarabu. Tunasema kilabu kimoja, vilabu viwili. Ukimwambia mtu mzima "alikuwa kilabuni," mara nyingi ataelewa mahali panapouzwa pombe za kienyeji.

Neno ni la kigeni, lakini pombe yenyewe haikuletwa na wakoloni. Pwani, mgema alipanda mnazi akagema tembo, na wanywaji wakakutana mangweni. Ndiyo maana tuna methali: *Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.* Yaani, mtu akisifiwa sana huharibu kazi yake. Bara, wanawake walipika pombe ya nafaka kwa ajili ya harusi, matambiko na kazi za shamba za ujima. Kilichokuja na ukoloni ni kibali na faini.

Nairobi, mahali patatu

Chukua mfano wa Nairobi. Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1904, na walowezi wa Kizungu wakaifanya baraza lao. Mwaka 1922 kampuni ya bia ikaanzishwa mjini humo. Lakini hadi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Mwafrika hakuruhusiwa kununua bia hiyo ya chupa. Pombe kali alikatazwa kwa muda mrefu zaidi.

Mahali pa pili palikuwa Pumwani, mtaa uliotengwa na serikali kwa ajili ya Waafrika. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 manispaa ilifungua huko kilabu chake cha pombe. Mpango huo uliigwa kutoka Durban, Afrika Kusini, ulikoanza kutumika mwaka 1909: mji unakuwa muuzaji pekee wa pombe kwa Waafrika, na faida inalipia huduma za mtaa wao.

Hebu piga hesabu. Mfanyakazi alibeba kipande chake ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Mshahara wake ulipangwa kana kwamba hana mke wala watoto. Akitoka kazini, senti zake chache akaziacha kilabuni. Senti hizo ndizo zilizosaidia kugharimia mtaa aliokaa. Kwa maneno mengine, huduma alizoambiwa kuwa ni za serikali alizilipia mwenyewe, kwa kila kata aliyokunywa.

Mahali pa tatu hapakuwa na kibao mlangoni: chumba cha mama muuza pombe.

Kazi yake ilikuwaje?

Kwa wanawake waliofika mjini, kazi za mshahara zilikuwa chache mno. Kupika pombe walikujua tangu kwao. Busaa, kwa mfano, hutaka siku kadhaa. Unga wa mahindi hukorogwa kwa maji ukaachwa uchachuke, kisha hukaangwa juu ya moto. Halafu huchanganywa na maji na kimea cha wimbi, ukaachwa tena, mwishoni ukachujwa. Ni kazi ya kuni, maji, moshi na subira.

Kazi hiyo hiyo, iliyokuwa ya heshima harusini kijijini, mjini ilikuwa kosa. Askari wakiingia, mitungi ilimwagwa, na mama akatozwa faini au akapelekwa gerezani. Akitoka, aliloweka nafaka tena.

Hata hivyo, baadhi yao walifika mbali. Katika mitaa ya Pangani na Pumwani, wapo wanawake waliojenga au kununua nyumba kwa fedha za pombe na za biashara nyingine walizolazimika kufanya, wakapangisha vyumba. Wengi wao walikuwa wamesilimu, na lugha waliyotumia na wapangaji waliotoka kila upande wa nchi ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo ukiulizwa ni nani waliokikuza Kiswahili Nairobi, usitaje walimu na maaskari peke yao. Wataje na hawa akina mama.

Msamiati

- *gema*: kukata ncha ya karara la mnazi ili kupata tembo, afanyaye kazi hiyo ni *mgema*
- *mangweni*: mahali pa kunywea tembo la mnazi
- *kimea*: nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa
- *kata*: chombo cha kuchotea na kunywea
- *kipande*: hati ambayo mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba

Maswali

1. Kwa nini manispaa ilitaka kuwa muuzaji pekee?
2. Taja wingi wa: kilabu, mgema, kipande, mtungi.
3. Je, mama muuza pombe alikuwa mhalifu? Jibu kwa sentensi tano, utoe sababu.

Kazi ya nyumbani

Mpigie simu bibi, babu au mzee mwingine. Msalimie kwanza, umjulie hali. Kisha muulize: "Zamani, akina mama wa mtaani kwenu walipata wapi fedha za karo?" Usimtajie pombe wewe. Akiitaja mwenyewe, sikiliza bila kucheka, halafu uandike maneno yake kama alivyoyasema. Tutayasoma darasani Jumamosi ijayo, bila kutaja majina.